Kibuyu cha Kushukuru

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara moja, kikanyamaza. Nilikuwa macho tayari. Stima ilikuwa imepotea tangu jioni, na chumba chetu hapa mtaa wa Huruma kilikuwa na giza, hata lile pazia linalotenga kitanda chetu na cha mama sikuliona. Kikagonga tena. Mama alikuwa anajaribu uji kabla hatujaamka, kwa sababu hakupenda tumtazame akimeza.

Nilikuwa nimezoea kumfuata kwa masikio tu. Kijiko kwenye kikombe. Kimya. Pumzi inavutwa puani. Halafu kimya kirefu, maana yake uji umepita. Au kikohozi kilichozibwa na leso, maana yake umerudi. Alfajiri ile ulirudi.

Binti yangu Chepkirui, ambaye bado ni wa chekechea, akanisogelea chini ya blanketi.

"Kogo anakula?" akaniuliza. Kogo ndiyo nyanya, kwetu.

"Anakula. Lala."

"Mbona anakohoa?"

"Uji ni moto. Lala, mama."

Haukuwa moto. Mama hakuwa anaweza kitu chochote cha moto siku hizo, yeye aliyejulikana kule kwetu Kaptagat kwamba chai ikishatoka jikoni hangoji hata ishushwe chini. Wageni wangekuwa bado wanapuliza, yeye ameshamaliza kikombe na anawacheka. "Chai baridi ni ya wagonjwa," angewaambia.

Ilianza na ugali. Akasema unasimama kifuani. Tukasema labda anakula haraka. Ugali ukafuatwa na viazi, viazi vikafuatwa na ndizi ya kuponda, na alipofika kwangu mjini alikuwa anaishi kwa uji na maziwa, na nguo zake zilikuwa kama ameazima za mtu mwingine. Hospitalini wakaingiza kamera, wakatoa kipande kidogo cha nyama cha kupima. Daktari akaniita nje ya mlango, akaniambia ni saratani ya koo, pale chakula kinapopita, na kwamba imeshafika kwa ini. Kuitoa haiwezekani. Kilichobaki ni kumsaidia ameze: kuna mrija mdogo wa waya, unaingizwa pale palipoziba, unapanuka, uji unapata njia. Lakini mrija ni wa kununua, na sisi hatukuwa na pesa hizo. Mume wangu Kibet alikuwa kwa kazi ya mjengo kule Plateau na alirudi wikendi akiwa na vumbi na kidogo cha matumizi. Mimi nauza nguo za watoto za mtumba.

Hata hivyo sikukata tamaa. Mimi ni mtu wa kuamini. Nilirudi shule nikiwa na mtoto mgongoni, darasa la jioni, na nikapita mtihani wakati kila mpangaji kwa ploti yetu alikuwa ameshaniambia nipumzike. Kwa hivyo nilimwangalia mama nikajiambia, mrija tu. Tukipata mrija, atakula, akila atapata nguvu, akipata nguvu tutaona.

Selpha tulimpata kwenye benchi la kliniki. Alikuwa mwanamke wa sweta ya kijani, na alikuwa na mazoea ya kusafisha koo kidogo kabla ya kusema jambo, kama anayeomba ruhusa. Alisema anatoka kwa Mfuko wa Koo. Si wa serikali, si wa wazungu. Ni wa watu tu: walimu, wakulima, manesi, wanariadha, watoto waliozika wazazi. Kila mmoja anatuma alicho nacho kwa simu kila mwezi, na mara moja kwa mwaka wanakutana kwenye ukumbi wa kanisa, wanachanga, wanaambiwa walichotoa kimefanya nini.

"Na kinafanya nini?" nikauliza.

"Kinalipa utafiti. Kwa nini ugonjwa huu unapenda sana watu wetu wa huku. Unaanzia wapi. Unaweza kushikwa mapema vipi." Akamgeukia mama. "Mama, tungependa utujibu maswali kidogo, na daktari akikubali, tuchukue kipande kidogo cha ile nyama waliyotoa kooni, tukihifadhi. Na siku ya mkutano uje ukae mbele na sisi. Watu wakiona mtu, wanaelewa."

Mama akakubali kabla sijamfafanulia nusu.

Usiku huo nilimweleza vizuri. Nilikaa kwenye kitanda chake, nikachagua maneno kama mwalimu.

"Mama, hizo pesa si za matibabu. Ni za utafiti."

"Wanatafiti nani?"

"Ugonjwa."

"Na ugonjwa uko kwa nani? Si kwangu?"

"Uko kwako, lakini—"

"Picha yangu itawekwa ukutani?"

"Ndiyo, Selpha amesema."

"Watu wataitwa? Watatoa?"

"Watatoa, mama, lakini si—"

"Basi hiyo ni harambee, Jepchirchir. Na harambee huwa ya mtu. Hakuna mahali nimeona watu wakichangia swali." Akanipapasa goti, kama mimi ndiye mgonjwa. "Wewe umesoma mpaka umepitiliza."

Kusema kweli, kidogo nilitaka yeye awe sahihi. Nilijiambia, wakimwona vile amekonda, nani atakayekaa bila kuuliza mrija ni wa nini?

Sasa kwetu huendi mikono mitupu kwa watu watakaokusaidia. Mama akaniagiza nimletee kibuyu chake kutoka nyumbani, na vijiti vya senetwet, ule mti tunaochoma mkaa wa kupaka ndani ya kibuyu cha mursik. Maziwa yakiingia humo yanakaa siku kadhaa, yanaganda, yanapata ile rangi ya majivu na ladha ambayo mtu wetu akiionja ugenini anaweza kulia. Mwanariadha akishuka kutoka nje na medali, hiyo ndiyo anapewa. Bwana arusi, hiyo. Mtu aliyekutendea jema, hiyo.

Aliketi kwenye kiti kidogo mbele ya jiko, mlangoni, akachoma kijiti, akakiingiza kwenye kibuyu, akazungusha, taratibu. Moshi ukajaa kwenye korido nzima.

Benta, jirani yetu kutoka upande wa ziwa, akatokea na kitambaa puani. "Mama, hayo ni maziwa mnafukiza ama ni sisi wapangaji?"

"Wapangaji," mama akasema. "Mkikauka nitawala na ugali."

"Mimi sikauki haraka, nina mafuta."

"Nimekuona. Ndiyo maana nimeongeza kijiti."

Benta alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka. Chepkirui alikuwa amechuchumaa karibu, uso mweusi wa mkaa, na mama akawa anamwonyesha jinsi ya kugonga kibuyu ili majivu ya ziada yatoke. Kisha akamimina maziwa, ya kununuliwa pale kwenye mashine ya maziwa, akafunga kifuniko, akakisimamisha nyuma ya kitanda. Kila asubuhi aliweka sikio kwenye kibuyu. Kuonja hakuweza.

Siku ya mkutano nilimvalisha ile suti ya kanisa, nikaikaza na pini mgongoni. Ukumbi ulikuwa umejaa. Picha yake ilikuwa kwenye bango kubwa, akiangalia kando kidogo, mrembo kuliko alivyokuwa sasa. Watu waliinuka walipomwona akiingia. Wengine walimshika mikono yote miwili. Mama akaketi mstari wa mbele, kibuyu magotini, na nilimwona akinyoosha mgongo. Alikuwa anawahesabu kama watu wake.

Kwanza akasimama daktari wa utafiti, mwanamume mpole kutoka Bungoma anayeitwa Mabonga. Akashukuru. Akasema michango yao imenunua friji ya kuhifadhi vipande vya nyama, imelipa manesi wanaozunguka vijijini wakiuliza maswali, na inasomesha msichana mmoja anayesoma hizo nyama kwa darubini. Akasema bila wao hakuna ambaye angeuliza, kwa sababu ni ugonjwa wa watu wa huku, na watu wenye kampuni kubwa za dawa hawaishi huku.

"Sasa mmepata nini?" mtu akauliza kutoka nyuma, si kwa ubaya.

Mabonga akatazama miguu yake. "Dawa hatujapata. Tumepata maswali mazuri zaidi. Tunaangalia udongo, tunaangalia familia, tunaangalia chakula. Tunaangalia chai ya moto sana, hiyo hata wenzetu wa nchi zingine wameiona. Tunaangalia pia mkaa tunaopaka kwenye vibuyu vya maziwa." Minong'ono ikapita ukumbini. Akainua mkono. "Nimesema tunaangalia. Sijasema ni huo. Msiende mkavunja vibuyu vya watu kwa sababu yangu, mke wangu ni wa huku, nitafukuzwa." Wakacheka. "Lakini kama kuna kitu cha kwenda nacho nyumbani leo, ni hiki: acheni chai ipoe."

"Chai iliyopoa ndiyo sumu sasa," mzee mmoja akasema, wakacheka zaidi.

Sikucheka. Nilimwangalia mama. Alikuwa amechukua ncha ya leso aliyojitanda, akawa anafunika kibuyu, polepole, mpaka kisionekane.

Halafu mtu akauliza lini. Lini wataweza kuponya. Mabonga akasema, "Sijui, ndugu yangu. Pengine watoto wetu." Alisema hivyo tu, akaketi, na mama akanishika mkono wala hakuniuliza alichosema. Alikuwa amesikia.

Ikaja zamu ya kuchanga. Mshereheshaji, kijana anayeitwa Lennox mwenye viatu vyeupe, akashika kipaza sauti. "Nani huyo ameinamia simu? Bro, simu leo ni ya kutuma, si ya kuperuzi." Watu wakatuma. Wakapita mbele na bahasha. Kisha mnada, kama kawaida ya harambee: jogoo alinadiwa akirukaruka, keki ikanadiwa ikarudishwa ikanadiwa tena, gunia la mahindi likafuata. Kila walipotoa kitu Lennox alisema, "Kwa utafiti, hiyo imeenda kwa utafiti," na kila mara nilihisi vidole vya mama vikilegea ndani ya vyangu.

Lennox akamfikia. "Na Kogo wetu, umeficha nini hapo chini ya leso?"

Mama akamtazama. Akakifunua. Akakitoa kwa mikono yote miwili, akafikiri, nilijua, kwamba kijana ataita vikombe na kuwagawia wageni. Lakini Lennox alikuwa ameona watu wakileta vitu vya mnada siku nzima.

"Wueh. Jamani, mgonjwa mwenyewe ametuletea mursik tunadi. Mnaona moyo huo? Nani anaanza?"

Mikono ikapanda. Nikasimama, mdomo wazi, kusema hapana, hiyo si ya kuuzwa, hiyo ni ya kuwashukuru. Mama akanivuta sketi.

"Kaa," akasema.

"Mama, hawajui—"

"Jepchirchir. Kaa."

Nikakaa. Kibuyu kikapanda juu, mikononi mwa Lennox, kikazungushwa ukumbini kama kombe, na watu wakashindana. Sikusikia wanataja nini. Nilikuwa natazama mikono ya mama ambayo sasa haikuwa na kitu, na haikujua pa kukaa.

Kilichukuliwa na Mzee Kipkirui, mfugaji, mtu mrefu wa kofia ya sufu. Alikuja mbele, akaomba kikombe, akajimiminia. Ukumbi ukatulia kidogo kwa sababu ya yale Mabonga alikuwa amesema. Mzee akanywa. Hakuharakisha. Akafuta masharubu, akamwambia mama, kwa lugha yetu, kwamba mkono wake haujasahau. Halafu Mabonga akasogea kwa aibu akaomba, kama mzee hatajali, achukue kilichobaki akakipime. Mzee akamtazama mama, si Mabonga. Mama akatikisa kichwa kwamba sawa.

Wakati watu wanakunywa soda, Mzee Kipkirui alivuta kiti karibu nasi.

"Wewe unachangia nani hapa?" mama akamwuliza.

"Simchangii mtu. Mke wangu alienda na hii hii. Baada ya matanga nilibaki najiuliza kwa nini yeye, na mimi sina masomo. Sasa nikiuza maziwa, natoa kidogo, namlipa anayejua kuuliza."

"Na wakijua?"

"Sitakuwepo."

"Na mimi?"

Mzee akavua kofia, akaikunja. "Wewe pia, mama."

Nilitaka kumfukuza. Lakini mama alitoa kicheko, kifupi, kikaishia kwenye kikohozi. "Angalau huyu haogopi," akaniambia.

Nilimfuata Selpha jikoni mwa ukumbi. Nilikuwa nimejipanga nizungumze kwa heshima, ila maneno yalitoka yamebanana. Mrija tu, nilimwambia. Wamekusanya mbele ya uso wake. Mrija tu, mdogo, na sitakuomba tena kitu.

Alisafisha koo, na safari hii halikusafishika. "Mama Chepkirui, hawa watu wametoa kwa jambo moja. Nikiigeuza hata mara moja, sina Mfuko tena. Na kuna wengine kwenye lile benchi, unawajua." Alikuwa ameshika sahani chafu muda wote huo, hakuiweka chini. "Nilimzika dada yangu nikiwa na funguo za ofisi mfukoni. Usifikiri sikujaribu kufikiria."

Hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya, ingenisaidia.

Alitutafutia gari la kuturudisha. Tulipopita soko, mama, ambaye nilidhani amelala, akasema, "Nilienda kuchangiwa, nikachanga."

Nikaanza kulia.

"Usilie kwa gari ya watu," akasema.

Baada ya wiki chache kibuyu kilirudishwa na nesi. Walikuwa wamekiosha vizuri sana, kwa sabuni. Mama alifungua kifuniko akanusa, akakifunga. Kibuyu cha mursik hakioshwi kwa sabuni. Harufu ya sabuni haitoki tena. Alimpa Chepkirui achezee, na Chepkirui akakitia mawe kikawa kayamba.

Kibet naye alihangaika mpaka akapata njia ya mrija, kwa mkubwa wake wa mjengo. Tulifika nao hospitalini tukiwa karibu na furaha. Daktari akampima mama, akashika mkono wake muda mrefu, akasema mwili hautastahimili tena kuingizwa kitu. Mrija tuliurudisha ukiwa kwenye pakiti yake.

Siku za mwisho alitaka tu kukaa mlangoni palipo na jua, na Chepkirui kando yake. Nikimpa mtoto chai, mama alikuwa anakichukua kile kikombe kwanza. Alikishika katikati ya viganja vyake, akakiinamia, hakunywa, na walikuwa wakinong'onezana. Nilidhani anapasha mikono moto. Alikuwa anahisi baridi kila wakati. Nilimwambia Chepkirui, mwachie Kogo kikombe, nitakuongezea kingine, na yeye akanitazama kama mtu aliyeambiwa asiseme.

Alfajiri moja niliamka nikasubiri kijiko. Stima ilikuwapo siku hiyo, taa ya nje ilikuwa inapenya kwenye pazia. Nilisubiri kwa muda. Kisha nikainuka.

Tulimzika Kaptagat, nyuma ya shamba la mahindi, karibu na miti. Watu walikuja wengi. Selpha alikuja na sweta yake, akasimama mbali kidogo. Mzee Kipkirui alileta maziwa. Wanawake walikuwa wameweka sufuria kubwa kwenye moto wa kuni, na baada ya maombi vikombe vikaanza kupitishwa, chai ya kutokota, mvuke ukipanda kwenye ule ubaridi wa juu kule, na watu wakawa wanavuta chai kwa meno, fyuu, fyuu, kama mama alivyokuwa akifanya, huku wakisifu vile hakuwahi kungoja.

Shangazi mmoja akampa Chepkirui kikombe. "Kunywa, mama, kingali moto. Kunywa upate nguvu."

Chepkirui alikipokea kwa mikono yote miwili. Hakukipeleka mdomoni. Alikaa chini kwenye nyasi, akakiweka katikati ya viganja, akakiinamia. Shangazi akamhimiza tena, na watu waliokuwa karibu wakageuka kutazama.

Mtoto akainua uso.

"Kogo alisema tungoje ipoe."